Kichujio cha Vena Kava na Muuguzi wa Wodini

Mafunzo endelevu yaliyofanyika hivi karibuni katika hospitali ninayofanyia kazi, huku mashariki mwa Uganda, yalikuwa na mada ambayo wengi wetu tulipoisoma kwenye ubao wa matangazo tuliona kana kwamba imepotea njia: upasuaji unaozuia donge la damu kufika kwenye mapafu, na hasa kichujio kidogo cha waya kinachowekwa ndani ya vena kava, mshipa mkubwa unaorudisha damu moyoni. Dada mmoja wa wodi ya wazazi aliuliza mbele ya wote kama isingekuwa afadhali tukakumbushana namna ya kumhudumia mama anayevuja damu baada ya kujifungua, jambo tunalokutana nalo kila mara, kuliko kuzungumzia kifaa ambacho hakimo katika stoo yetu na ambacho pengine hakitaingia humo hadi tustaafu. Swali lake lilikuwa la haki, na mwezeshaji alilijibu juujuu tu, akisema kwamba Baraza la Wauguzi na Wakunga linataka tujiendeleze ili leseni zetu zihuishwe. Hilo ni kweli, lakini si jibu. Mimi naamini mada ile inatuhusu sana, na nitaeleza kwa nini.

Anayeweka kichujio ndani ya mshipa ni mmoja, na anayeishi karibu na mgonjwa mwenye kichujio ni mwingine. Wagonjwa wenye uwezo, au wenye ukoo uliokubali kuchangishana, hutibiwa Kampala, Nairobi na hata India, kisha hurudi nyumbani Tororo, Busia, Mbale au Soroti wakiwa na bahasha ya karatasi na kitu fulani mwilini ambacho hawawezi kukitaja kwa jina. Daktari aliyekiweka huenda asiwaone tena maishani. Wakivimba miguu au wakibanwa na kifua usiku, wanaletwa kwetu, na muuguzi wa zamu ndiye anayewapokea mlangoni. Tena, ukifuatilia historia ya upasuaji huo tangu ulipoanza, utaona jinsi kila hatua yake ilivyofika mahali ikakwama, na mahali ilipokwama ndipo kazi ya muuguzi inapoanza.

Donge la mapafu kwa kawaida halizaliwi kwenye mapafu. Hutungika ndani ya veni, yaani mishipa inayorudisha damu moyoni, zile kubwa zilizofichika kati ya misuli ya mguu, au katika veni za paja na nyonga, likang'oka, likapanda na vena kava ya chini, likapita upande wa kulia wa moyo, kisha likakwama katika ateri za mapafu, mishipa inayopeleka damu mapafuni. Likiwa dogo, mgonjwa huhema na kuumwa kifua. Likiwa kubwa, moyo hushindwa kusukuma damu na mgonjwa huweza kufa kabla daktari wa zamu hajavaa viatu. Rudolf Virchow, tabibu Mjerumani wa karne ya 19, ndiye aliyeonyesha kwamba madonge hayo husafiri kutoka mbali, na mafundisho yanayobeba jina lake hutaja mambo matatu yanayoyaleta: damu kutuama, ukuta wa mshipa kujeruhiwa, na damu yenyewe kuwa na mwelekeo wa kuganda upesi.

Muuguzi wa wodi ya mifupa hana haja ya kuyakariri matatu hayo, kwa maana anayaona yote katika kitanda kimoja. Ni kijana wa boda boda aliyevunjika fupa la paja, amelazwa chali na uzani umening'inizwa mguuni kwa majuma, paja lake limepondeka, na mwili wake, kama mwili wowote uliojeruhiwa, umo katika hali ya kugandisha damu kuliko kawaida. Wodi ya wazazi nayo ina wa kwake: mama aliyefanyiwa upasuaji wa kujifungua, kwa sababu ujauzito na majuma yanayofuata uzazi huongeza mwelekeo wa damu kuganda hata bila kisu. Ukiongeza saratani, virusi vya Ukimwi, kifua kikuu na ugonjwa wa selimundu, ambao katika nchi yetu si wa nadra, utaona kwamba dada yule wa wodi ya wazazi alikuwa akiuliza swali kuhusu wagonjwa wake mwenyewe bila kujua.

Upasuaji uliingia katika habari hii mapema, na uliingia kwa ukatili kidogo. Mwaka 1908 Friedrich Trendelenburg alijaribu kufungua kifua na kuliondoa donge lenyewe katika ateri ya mapafu. Wagonjwa wake hawakupona, na ni mwaka 1924 tu ambapo mwanafunzi wake, Martin Kirschner, alifaulu. Hiyo ilikuwa tiba ya ajali iliyokwisha kutokea. Kuzuia kulianza pale madaktari walipojiuliza kwa nini wasiifunge njia yenyewe. Katika miaka ya 1930 John Homans wa Boston alianza kufunga veni ya paja kwa uzi, juu ya mahali penye donge, ili lisipande. Baadaye wengine wakapanda juu zaidi, wakaifunga vena kava nzima.

Hebu fikiria maana ya jambo hilo kwa mtu aliyelala kitandani. Damu yote ya miguu miwili, iliyokuwa ikirudi moyoni kwa barabara moja pana, inakuta lango limefungwa na kulazimika kutafuta vichochoro. Mgonjwa aliyekwisha kudhoofika angeweza kufa mezani kwa sababu moyo umekosa damu ghafla. Aliyepona mara nyingi aliishi na miguu iliyovimba, ngozi iliyobadilika rangi na kuwa nyeusi, na vidonda juu ya vifundo visivyopona. Na baya zaidi ni kwamba vile vichochoro vilipanuka kadiri miezi ilivyopita, hata madonge yakapata njia mpya ya kwenda mapafuni. Madaktari wakajaribu kuupunguza ukali: badala ya kufunga kabisa, wakashona mshipa ili uwe na vitundu vidogo, au wakauvisha kibanio cha plastiki chenye meno kwa nje, damu ipite na donge likwame. Bado tumbo lilipaswa kufunguliwa chini ya dawa ya usingizi, kwa mgonjwa ambaye mapafu yake tayari yamejeruhiwa.

Kifaa cha kwanza kilichopitishwa ndani ya mshipa, bila kufungua tumbo, kilitumika mwishoni mwa miaka ya 1960 na kinajulikana kwa jina la Mobin-Uddin. Kilikuwa na umbo la mwavuli wenye vitundu, na kilizuia madonge vizuri mno, kwani mara nyingi kiliishia kuiziba vena kava yote. Hatua kubwa ilikuja mwaka 1973. Lazar Greenfield, daktari wa upasuaji katika jimbo la Oklahoma nchini Marekani, alishirikiana na Garman Kimmell, mhandisi aliyezoea vifaa vya visima na mabomba ya mafuta, wakatengeneza koni ya waya yenye miguu sita. Sisi ambao kila siku tunasikia habari za bomba la mafuta litokalo Hoima hatuna budi kutabasamu tukisikia kwamba wazo la kuchuja uchafu bila kusimamisha mtiririko lilitoka kwa watu wa mafuta. Siri yake ni umbo. Donge linaponaswa hukaa katikati, kwenye ncha ya koni, na damu huendelea kupita pembeni. Hata koni ikijaa asilimia 70 ya kina chake, ni asilimia 49 tu ya upana wa mshipa inayokuwa imezibwa. Damu inayopita pembeni nayo husaidia kuliyeyusha donge lililonaswa kidogokidogo.

Mwezeshaji alikuwa na kichujio kimoja kilichopitwa na muda wa matumizi, akakipitisha mkono kwa mkono. Nilikishika. Ni chepesi kiasi kwamba ukifumba macho hujui kama kipo kiganjani, na ncha za miguu yake zina ndoana ndogo ambazo zilinasa uzi wa sare yangu mara moja. Ndoana hizo ndizo zinazokishikilia kwenye ukuta wa mshipa. Siku hizi kinaingizwa kikiwa kimekunjwa ndani ya mrija mwembamba kupitia veni ya shingo au ya paja, kwa ganzi ya mahali tu, huku daktari akitazama kwa eksirei, na kinafunguka kikiwa chini kidogo ya mahali veni za figo zinapoingia. Kwa mama mjamzito huwekwa mara nyingi juu ya veni za figo, ili kisikae mahali ambapo mji wa mimba unaubana mshipa. Kazi hiyo inahitaji maabara ya katheta, chumba cha kupitishia mirija ndani ya mishipa, yenye mashine za picha, kama zilivyo katika hospitali chache za rufaa, na ndiyo maana huku kwetu tunabaki kuisikia.

Sasa nije kwenye sehemu ambayo, kwa maoni yangu, ilistahili kuchukua nusu ya mafunzo na ikapewa dakika chache. Kichujio hakitibu chochote. Hakizuii damu kuganda mguuni, hakiyeyushi donge lililopo, na hakimponyi mgonjwa aliyekwisha kuzibwa mapafu. Kinanasa tu kinachopanda. Utafiti uliofanywa Ufaransa na kuchapishwa mwaka 1998 uliwagawa wagonjwa 400 wenye madonge katika veni kubwa za mguu, wote wakipewa dawa za kuzuia damu kuganda, nusu wakiwekewa vichujio na nusu wasiwekewe. Katika siku 12 za kwanza waliopata donge la mapafu walikuwa asilimia 1.1 kwa wenye vichujio na asilimia 4.8 kwa wasio navyo, tofauti ambayo mtu yeyote angeifurahia. Lakini baada ya miaka miwili, madonge mapya ya mguuni yalikuwa yamewapata asilimia 20.8 ya wenye vichujio, dhidi ya asilimia 11.6 ya wenzao, na idadi ya waliokufa haikutofautiana. Utafiti mwingine wa watafiti wa huko huko, uliotoka mwaka 2015 na kuhusisha vichujio vinavyoweza kutolewa, haukuonyesha faida yoyote ya kuvitumia kwa wagonjwa wanaoweza kumeza au kudungwa dawa.

Kwa hiyo anayestahili kichujio ni mgonjwa mwenye donge la karibuni ambaye hawezi kupewa dawa: aliyevuja damu kichwani, aliyejeruhiwa vibaya na bado anatoka damu, anayelazimika kufanyiwa upasuaji mkubwa siku hizi hizi, au yule ambaye amepata donge jipya ilhali anatumia dawa yake sawasawa. Neno sawasawa hapo lina uzito. Kabla ya kukubali kwamba dawa imeshindwa, mtu anapaswa kuuliza kama ilitumika, na anayejua kama dozi ya saa nne usiku ilitolewa kweli ni muuguzi aliyetia sahihi kwenye chati, au aliyeacha nafasi tupu kwa kuwa ndugu hawakurudi kutoka famasi. Ninajua wodi ambapo nafasi tupu hizo ni nyingi kuliko sahihi, na sidhani kwamba mgonjwa wa hapo anahitaji kifaa cha waya.

Mgonjwa akipelekwa rufaa kwa ajili ya kichujio, maandalizi yake huanza kwetu, na yakifanywa vibaya safari inaharibika. Lazima karatasi ya rufaa ieleze kama amewahi kudhurika na dawa inayodungwa ili mishipa ionekane kwenye picha, kwa sababu dawa hiyo huweza kuleta mzio na huweza kuzidhuru figo. Kiwango cha kreatinini, kinachoonyesha hali ya figo, kiwe kimepimwa, idadi ya chembe sahani zinazosaidia damu kuganda ijulikane, na kama alikuwa kwenye warfarini, dawa ya kumeza ya kuzuia damu kuganda, kipimo cha INR cha karibuni, kinachoonyesha kasi ya damu kuganda, kiambatishwe pamoja na saa ya dozi ya mwisho ya heparini au enoksaparini, ambazo ni dawa za kudunga za kazi hiyo hiyo. Anayetumia metformini, dawa ya kisukari, atajwe. Mama anayeweza kuwa na mimba apimwe. Na kabla hajatia kidole gumba kwenye fomu ya ridhaa, aelezwe kwa lugha anayoielewa, iwe Kiswahili, Lugisu, Ateso au Dhopadhola, kwamba kitu kitaachwa ndani ya mwili wake na kwamba kuna siku ya kurudi ili kitolewe. Nimeona fomu nyingi ambazo zilitiwa sahihi huku mwenye mwili akidhani anachomwa sindano.

Akitoka kuwekewa, saa za kwanza ni za macho ya muuguzi. Ikiwa mrija ulipita pajani, atalala mguu ukiwa umenyooka kwa saa alizoagiza daktari, na sisi tutafunua shuka na kupaangalia mahali palipochomwa, si kuuliza tu kama kuna damu, kwa sababu damu hujikusanya nyuma ya paja na kulowesha godoro bila mgonjwa kuhisi. Tutagusa mapigo ya mguu, tutalinganisha joto na rangi ya miguu miwili. Ikiwa mrija ulipita shingoni, tutaangalia uvimbe shingoni na tutasikiliza pumzi. Maji anywe, au atundikiwe, ili figo ziisafishe ile dawa ya picha. Maumivu makali ya mgongo au tumbo yanaweza kumaanisha kwamba mguu wa kichujio umetoboa ukuta wa mshipa. Moyo kuanza kupiga ovyoovyo, pamoja na kifua kuuma, kunaweza kumaanisha kwamba kichujio chenyewe, au kipande chake, kimesafiri kwenda moyoni. Na miguu yote miwili ikivimba kwa pamoja, hata majuma au miezi baadaye, usiandike tu kwamba ni moyo au figo. Fikiria kwanza kwamba kichujio kimejaa na vena kava imeziba.

Kuna jambo moja ambalo sikuwahi kulisikia kabla ya siku ile, na ninaliandika kwa ajili ya wenzangu wa chumba cha wagonjwa mahututi. Daktari anapoweka mrija mkubwa katika veni ya shingo au ya paja, hutanguliza waya wa kuongozea wenye ncha iliyopinda. Waya huo ukisukumwa mbali mno hunaswa na kichujio, na anayeuvuta kwa nguvu anaweza kukihamisha. Muuguzi anayemsaidia daktari, akiwa amesoma faili, ndiye anayeweza kusema kabla trei haijafunguliwa: huyu ana kichujio.

Lakini atasomaje faili ambalo halipo? Hapa ndipo ninapolalamika. Vichujio vingi vya leo vimetengenezwa ili vitolewe, vina ndoana juu ambayo daktari huikamata kwa kitanzi kupitia shingoni, na kadiri kinavyokaa ndivyo ukuta wa mshipa unavyokifunika hadi kukitoa kuwa kazi ngumu au isiyowezekana. Mwaka 2010 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilitangaza kwamba tangu mwaka 2005 ilikuwa imepokea ripoti 921 za madhara ya vifaa hivi, vikiwemo vilivyohama, vilivyovunjika na vilivyotoboa mshipa, ikawataka madaktari wafikirie kuvitoa mara hatari ya donge inapokwisha. Mwaka 2014 ikaongeza kwamba, kwa mgonjwa ambaye hatari imepita, uzani wa faida na madhara huanza kuelemea upande wa kukitoa kati ya siku ya 29 na ya 54 baada ya kukiweka. Hizo ni habari za nchi yenye kompyuta katika kila wodi, na hata huko vichujio vingi vilisahauliwa. Kwetu, kumbukumbu yote ya kichujio ni karatasi moja iliyokunjwa ndani ya bahasha, pamoja na picha za eksirei, juu ya kabati la nyumba ya bati, na mvua za mwezi wa Aprili zinajulikana.

Nilikutana na bahasha ya namna hiyo. Mzee mmoja mstaafu, aliyekuwa ametibiwa nje ya nchi, alikuja kliniki ya shinikizo la damu, na alipoombwa karatasi zake akamtuma mjukuu wake azilete nyumbani. Kati ya risiti za hoteli na tiketi ya ndege kulikuwa na kadi ndogo, ukubwa wa kitambulisho cha taifa, yenye aina ya kifaa, tarehe ya kukiweka na maneno kwamba kilikuwa cha muda. Tarehe ile ilikuwa ya zamani. Hakuna aliyekuwa amemwambia, au aliambiwa akiwa bado na usingizi wa dawa. "Sista," akaniuliza, "kwa hiyo hiki kitu bado kimo?" Nilimjibu kwamba kimo, Mzee, na kwamba tutamwandikia barua ya kwenda Kampala ili wataalamu waamue kama kitolewe au kiachwe, kwa maana baada ya muda mrefu si kila kichujio kinafaa kuguswa. Aliichukua kadi ile akaitia ndani ya pochi yake, mahali pa fedha, na nilimwomba asiitoe humo.

Kwa upande wa wagonjwa wengi ambao hawataona kichujio kamwe, upasuaji wa kuzuia donge unamaanisha kitu kingine: kuzuia donge katika saa za kabla na baada ya upasuaji wowote. Hapa ushahidi ni wa zamani na una nguvu. Utafiti wa nchi kadhaa ulioongozwa na daktari Kakkar wa London, uliochapishwa mwaka 1975, ulihusisha wagonjwa wa upasuaji zaidi ya 4,000. Nusu walidungwa heparini yuniti 5,000 chini ya ngozi saa mbili kabla ya upasuaji na kila baada ya saa nane kwa siku saba. Waliokufa kwa donge la mapafu katika wale wasiopata dawa walikuwa 16; katika waliopata walikuwa 2. Dawa yenyewe ni ya bei nafuu kuliko nauli ya mgonjwa kwenda hospitali ya Mulago, Kampala, na inadungwa na muuguzi.

Kudunga kwenyewe kunahitaji umakini. Enoksaparini huja katika sindano iliyokwisha kujazwa, yenye kiputo kidogo cha hewa ambacho mazoea ya chuo yanatusukuma kukitoa. Kisitolewe, kinasukuma dawa yote iishe ndani ya sindano. Mgonjwa alale, ubinye ngozi ya ubavu wa tumbo, mbali na kitovu na mbali na mshono, sindano iingie wima hadi mwisho, mkunjo wa ngozi usiachwe hadi dawa iishe, na mahali pale pasisuguliwe, vinginevyo kesho mgonjwa atakuwa na alama nyeusi na ndugu watasema amepigwa. Figo zikiwa dhaifu, muulize daktari kuhusu dozi. Ikiwa ganzi ilipitia uti wa mgongo, andika saa kamili, kwa sababu daktari wa ganzi ndiye anayepanga umbali kati ya ganzi na dawa, na damu ikivuja ndani ya uti huweza kumpoozesha mtu miguu. Kwa heparini, chembe sahani zikishuka kwa ghafla kati ya siku ya 5 na ya 10, usidhani maabara imekosea; huenda ni heparini yenyewe inayozishusha.

Soksi za kubana sina mengi ya kuzisema. Zisizopimwa hukunjika nyuma ya goti na kuwa kamba, na kwa mtu mwenye ateri mbovu za miguu huleta vidonda. Mguu unaofanya kazi ni bora kuliko soksi, na hilo ndilo gumu kuwaeleza wanaomuuguza mgonjwa, ambao kwao upendo ni kumzuia asijisogeze. Mama wa kijana mmoja wa boda boda alinitazama kwa hasira niliponyanyua shuka. "Sista, mtoto wangu amevunjika, nyinyi mnataka atembee?" Hapana, Mama, nikamwambia, mguu uliovunjika tunauacha hapo ulipo; huu mzima ndio ninaotaka aukunje goti, na nyayo za miguu yote miwili azipandishe na kuzishusha kila mara unapomwona yuko macho. Nilimwekea mkono wake juu ya shavu la mguu wa mwanawe ili ahisi msuli ukikaza na kulegea. Tangu hapo yeye ndiye aliyekuwa akimhesabia, kwa Kiswahili cha Busia chenye Kisamia ndani yake, na sauti yake ilisikika hadi kitanda cha mwisho.

Dalili za hatari tumeziandika na kuzibandika ukutani: kuhema kwa ghafla, kuchomwa na kifua wakati wa kuvuta pumzi, makohozi yenye damu, moyo kwenda mbio bila homa, kuzimia. Kinachosahauliwa ni wakati. Mara nyingi ni siku mgonjwa anapoinuka kwa mara ya kwanza kwenda msalani, siku ambayo kila mtu anafurahi, na akirudi kitandani akihema watu husema amechoka. Mpe oksijeni, mketishe, mwite daktari, na usimpeleke peke yake popote, hata eksirei.

Dada wa wodi ya wazazi sasa anaandika saa ya ganzi na saa ya sindano ya kwanza katika safu mbili zinazofuatana, na sisi wa kliniki tumeongeza swali katika daftari la kupokea wagonjwa, baada ya lile la mzio: je, una kifaa chochote kilichoachwa mwilini, kiliwekwa lini, na je, uliambiwa kitatolewa? Jibu likiwa ndiyo, nambari ya simu ya mgonjwa na ya ndugu mmoja huandikwa kwa wino mwekundu, pamoja na tarehe ambayo tutawapigia kama hawajarudi.